Kabla ya Kumtafuta Mhalifu

Mhadhara huu nimewaandalia hasa ninyi wanafunzi wapya.

Mzazi anayemleta mwanawe kusoma kriminolojia huwa na swali moja: akimaliza, atakuwa askari? Naliheshimu swali hilo kwa sababu ada inatoka mfukoni mwake, na jibu la kweli ni kwamba wapo watakaovaa sare. Wengine watakwenda magereza, ustawi wa jamii, mabenki, mashirika ya haki za binadamu, kampuni za ulinzi. Vyuo kadhaa vya majirani zetu wa Kenya vimeunganisha elimu hii na masomo ya usalama katika shahada moja, na sababu inaeleweka: kazi za ulinzi zipo, na vijana wanazitafuta.

Sina ugomvi na kijana anayetafuta ajira. Hofu yangu ni kijana huyo kukaa darasani miaka mitatu au minne akifundishwa namna ya kumjua mhalifu, kumfuatilia na kumzuia, asifundishwe hata siku moja kuuliza nani amemwita mhalifu, kwa sheria ipi, na ni makosa ya nani yasiyoandikwa popote. Mtu huyo atatoka hapa na cheti cha chuo kikuu, lakini alichosoma kitakuwa ni mafunzo ya ulinzi yaliyorefushwa. Naamini maswali hayo ndiyo shahada yenyewe, na yaliyobaki hujengwa juu yake.

Elimu hii ilipotea njia mapema kwa sababu iliyaruka maswali hayo. Mwaka 1764 kijana wa Milano, Cesare Beccaria, alichapisha kitabu kidogo juu ya makosa na adhabu. Alipinga mateso na adhabu ya kifo, akaeleza kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu. Hoja hiyo bado tunaijadili, na bado wanasiasa wetu wanaipita kila wanapotaka vifungo virefu zaidi. Beccaria aliitazama sheria. Zaidi ya miaka mia moja baadaye alikuja daktari Cesare Lombroso, akaipa sheria kisogo na kuutazama mwili. Katika kitabu chake cha 1876 alidai kwamba kuna mtu aliyezaliwa mhalifu, na kwamba unaweza kumtambua kwa taya, masikio, paji la uso na umbo la fuvu. Fuvu lililompa wazo hilo lilikuwa la mtu wa Calabria, kusini kabisa mwa Italia, jimbo maskini lililokuwa limeunganishwa na taifa jipya miaka michache tu nyuma, na ambako jeshi la taifa hilo lilikuwa likiwasaka watu walioitwa majambazi.

Tazameni alikoipatia mifano yake: magerezani. Alimchukulia kila aliyefungwa kuwa ndiye mhalifu, na kila aliye nje kuwa ndiye mwadilifu, kisha akapima tofauti. Daktari wa magereza wa Uingereza, Charles Goring, ndiye aliyefanya kazi ambayo ilipaswa kutangulia. Aliwapima wafungwa wapatao 3,000, akawalinganisha na watu wasio wafungwa, wakiwamo wanafunzi wa chuo kikuu na wanajeshi, na mwaka 1913 akatangaza kwamba aina hiyo ya mtu haipo. Wanafunzi wengi huishia hapo, wakidhani hadithi ya mafuvu ni ya Ulaya na imekwisha.

Haikwisha. Ilipanda meli ikaja Nairobi. Katika miaka ya 1930 daktari F. W. Vint alipima bongo za Waafrika waliofia hospitalini. Mwaka 1934 alichapisha makala katika jarida la anatomia la Uingereza akihitimisha kwamba ubongo wa mwenyeji wa Kenya uko nyuma ya ubongo wa Mzungu. H. L. Gordon, aliyekuwa tabibu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, aliyachukua madai ya namna hiyo akayapeleka hadi London, yatumike katika mjadala wa kama Waafrika wapewe elimu ya kisasa au la. Baada yao, hapo hapo Mathari, alikuwapo J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ikachapisha kijitabu chake juu ya saikolojia ya Mau Mau.

Nakaa hapa kwa makusudi. Watu walikuwa wamenyang'anywa ardhi. Walikuwa wakitembea na kipande cha utambulisho shingoni, na kumtoroka mwajiri lilikuwa kosa la jinai. Walipochukua silaha, mtaalamu aliulizwa kuna kasoro gani ndani ya vichwa vyao, naye akaijibu serikali swali ililomuuliza. Frantz Fanon, naye tabibu wa akili, alimjibu Carothers katika kitabu chake cha 1961. Ninyi nanyi mtapewa maswali na watakaowaajiri: kwa nini vijana wa mtaa fulani ni wezi, kwa nini kabila fulani lina hasira. Mtaalamu anayelijibu swali kabla ya kulipima anaweza kuwa na takwimu safi kabisa na bado akawa anamtumikia mwenye nguvu dhidi ya asiye na nguvu.

Tuje kwenye utafiti uliofanywa vizuri zaidi, tena hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Marshall Clinard, mwanasosholojia wa Marekani, alifanya kazi Kampala, na mwaka 1973 yeye na Daniel Abbott wakatoa kitabu juu ya uhalifu katika nchi zinazoendelea. Walilinganisha mitaa miwili ya kimaskini ya Kampala, Kisenyi na Namuwongo. Umaskini ulikuwa kote kuwili, lakini Kisenyi ilikuwa na uhalifu mwingi na Namuwongo ilikuwa na kidogo. Kama umaskini peke yake ndio unaozaa wizi, jambo hilo lisingewezekana. Walichokikuta ni kwamba Namuwongo watu walikuwa wamekaribiana zaidi kwa asili, ndoa zao zilikuwa imara zaidi, na walishiriki zaidi katika vyama na shughuli za mtaani. Walijuana. Tangu hapo, mtu anayesimama jukwaani na kusema uhalifu unaletwa na umaskini, halafu akakaa, amesema nusu ya sentensi.

Miaka hiyo hiyo Tibamanya mwene Mushanga, mtoto wa Uganda magharibi, alichunguza mauaji katika wilaya za Ankole, Kigezi na Toro, na kitabu chake kilitoka 1974. Wengi wa wauaji na waliouawa walikuwa watu wanaojuana: ndugu, mke na mume, majirani, na mara nyingi pombe ikiwa katikati. Jambazi asiyejulikana, anayeogopwa usiku, alikuwa na sehemu ndogo sana katika vifo hivyo. Naona aibu kwamba mwanafunzi wetu anaweza kumaliza shahada akiwa na majina kumi ya wataalamu wa Chicago, asilijue la Mushanga.

Wekeni Namuwongo pembeni kidogo, maana sasa nataka kuwapeleka Meatu, Usukumani. Mchumi Edward Miguel alikusanya habari za vijiji 67 vya wilaya hiyo kwa miaka ya 1992 hadi 2002, na matokeo yakachapishwa 2005. Aliuliza jambo ambalo polisi wa wilaya asingekuwa na sababu ya kuliuliza: mvua ilikuwaje mwaka ule? Mwaka wa ukame mkali au wa mafuriko, mavuno yakiharibika, mauaji ya watu walioitwa wachawi yaliongezeka karibu mara mbili. Mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka. Waliouawa walikuwa karibu wote vikongwe wanawake, na waliowaua mara nyingi walikuwa jamaa zao wenyewe.

Yaoneni haya kwa karibu. Bibi amepika miaka hamsini kwenye jiko la moshi, mara kuni, mara mavi ya ng'ombe, na macho yake yamekuwa mekundu. Macho hayo yanahesabiwa kuwa ushahidi. Mvua inakataa, ghala ni tupu, mtoto ndani ya nyumba anaugua, na kuna mdomo mmoja usioweza tena kushika jembe. Mganga anatafutwa, jina linatajwa. Mwaka wa mavuno mema macho yalikuwa yale yale, na hakuna aliyeyanyooshea kidole. Mpelelezi atamtafuta aliyeshika panga, na lazima amtafute. Lakini aliyesoma kriminolojia atauliza pia kwa nini mwaka huu, kwa nini nyumba hii, na nini kingemfanya bibi huyu asionekane mzigo. Miguel mwenyewe alipendekeza pensheni ya uzeeni. Serikali ya Mapinduzi Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, kwa shabaha ya ustawi wa wazee na si ya kuzuia mauaji. Mimi nasema malipo kama hayo, yakifika Usukumani kila mwezi mkononi mwa bibi, yanastahili kujadiliwa katika darasa la kuzuia uhalifu sawasawa na doria na kamera.

Sasa irudisheni Namuwongo mezani, mwone ugumu. Kampala tuliambiwa kwamba majirani wanaojuana wanazuia uhalifu. Meatu wanaoua ni hao hao wanaojuana kupita wote. Na katikati yao wapo sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanavijiji, walioanza Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijiji vilipochoka na wizi wa ng'ombe na ujambazi wa kutumia silaha. Walifanikiwa kiasi kwamba serikali iliwasifu, na baadaye sheria ikawatambua. Lakini sungusungu hao hao waliwatafuta na wachawi pamoja na wezi, na palipotafutwa wachawi, wanawake ndio walioumia. Kwa hiyo anayewaambia kwamba dawa ni kuirudishia jamii mamlaka yake, mwulizeni ni nani katika jamii hiyo atakayekaa kwenye kiti na ni nani atakayesimamishwa mbele yake. Sina kanuni ya kuwapa inayomaliza mgogoro huu. Nina miaka yenu michache hapa chuoni ya kuwazoeza kuutazama bila kuukimbia.

Niguse sheria yenyewe. Kanuni za adhabu za Tanganyika, Kenya na Uganda zilitungwa mwaka 1930 chini ya utawala mmoja, na ndani yake mliwekwa makosa ya uzururaji. Asili yake ni sheria ya Uingereza ya 1824, ya wakati ambapo wanajeshi walioachishwa baada ya vita vya Napoleon na maskini wengine walijaa barabarani na wenye mali wakaogopa. Kosa halihitaji mtu aibe wala apige. Inatosha aonekane hana kazi, hana pa kwenda, na hawezi kujieleza kwa namna inayomridhisha askari. Tulipopata uhuru makosa hayo tuliyahifadhi, na mwaka 1983 sisi wenyewe Tanzania tukapitisha sheria ya nguvu kazi, watu wakakamatwa katika mitaa ya Dar es Salaam kwa kukosa kazi inayotambulika na kupelekwa mashambani. Waliofanya biashara ndogondogo, ambao leo tunawaita machinga, waliamka wahalifu siku ambayo hawakufanya lolote jipya.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwa ombi la Umoja wa Mawakili wa Afrika. Ilisema sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Mwanafunzi wa sheria atayasoma maoni hayo ajue mahakama ilisema nini. Mwanafunzi wa kriminolojia ana kazi ya ziada: aende kuona nani bado anapandishwa karandinga usiku wa Ijumaa, na anatoka kwa njia gani Jumamosi asubuhi.

Upande wa pili wa jambo hili ni makosa ya watu ambao karandinga haliwafikii. Desemba 1939, Edwin Sutherland aliwaambia wanasosholojia wenzake huko Philadelphia kwamba nadharia zao zote zina kasoro moja: zimejengwa juu ya maskini, kwa kuwa maskini ndio wanaofungwa. Akageukia makampuni. Kitabu chake cha 1949 kilichunguza makampuni 70 makubwa ya Marekani na hukumu zilizotolewa dhidi ya makampuni hayo, lakini mchapishaji aliogopa kushtakiwa na majina yakaondolewa. Toleo lenye majina lilitoka 1983, miongo mitatu baada ya Sutherland kufariki. Hapa kwetu Afrika Mashariki mfano hautafutwi mbali. Katika kashfa ya Goldenberg, mwanzoni mwa miaka ya 1990, hazina ya Kenya ililipa fidia ya kuuza nje dhahabu ambayo nchi haikuwa nayo. Fedha hizo zilikuwa dawa za zahanati na mishahara ya walimu. Haziingii katika ramani yoyote ya mitaa hatari.

Nije sasa kwenye daftari la kituo cha polisi, kwa sababu ndilo mtakalolishika. Tanzania tunasema RB, Kenya wanasema OB. Kila takwimu ya uhalifu mtakayoiona kwenye runinga ilianza pale kaunta, mtu mmoja akieleza na mwingine akiandika. Dada kaporwa pochi kwenye daladala. Anachotaka haraka ni karatasi ya kumwezesha kupata kitambulisho kipya na kadi ya benki, kwa hiyo pochi inaandikwa imepotea. Uporaji umefutika hapo hapo bila mtu yeyote kudanganya kwa nia mbaya. Binti kabakwa na mjomba, na baraza la ukoo limeamua yaishie nyumbani. Daftari halina mstari. Dawati la jinsia na watoto likifunguliwa kituoni na kupewa askari wa kike anayejua kusikiliza, mistari inaongezeka, na mwandishi wa habari anatangaza kwamba ubakaji umepanda. Huenda kilichopanda ni imani ya wasichana. Msiyadharau madaftari kwa sababu hiyo. Yasomeni kama ushahidi wa mambo mawili kwa pamoja: yaliyotokea, na yaliyopata mwandishi.

Mtakapoingia magerezani kuhoji watu, kumbukeni kwamba mtu aliyefungiwa hana uhuru wa kukukatalia kama alionao mtu wa nje. Mweleze, tena mbali na masikio ya askari, kwamba kukataa kwake hakutamponza na kukubali kwake hakutampunguzia kifungo. Asipoelewa, funga daftari uondoke.

Na kwa mzazi aliyeuliza kuhusu kazi, namtaja mmoja ninayemthamini kuliko wengi: ofisa wa huduma za uangalizi. Hakimu amemtia mtu hatiani na anafikiria kama amfunge au ampe adhabu ya kuitumikia jamii. Ofisa anakwenda nyumbani kwa mtu huyo, anaongea na mkewe, na mwenyekiti wa mtaa, na mlalamikaji aliyeibiwa, anauliza watoto wanakula nini na nani alimpa kazi mara ya mwisho, kisha anaandika ripoti. Hakimu anaisoma kabla ya kutaja adhabu. Kurasa hizo chache zinaweza kuamua kama mtu atalala kwake au gerezani, na haziwezi kuandikwa vizuri na mtu aliyefundishwa kumtambua mhalifu kwa sura au kwa mtaa anakotoka.

Kazi yenu ya kwanza itaanza wiki ijayo. Kila mmoja ataketi katika mahakama ya mwanzo iliyo karibu na kwao, siku tatu mfululizo, nyuma kabisa, simu imezimwa. Andikeni kila shauri la jinai: kosa, nani alilalamika, umri na kazi ya mshtakiwa, dhamana ilikuwa na masharti gani, na nani alishindwa kuyatimiza akarudishwa mahabusu. Majina ya watu msiyaandike. Kisha nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa huo huo mkamuulize wakazi wanalalamikia nini hasa, na mweke orodha hizo mbili kando kwa kando. Yaliyomo katika orodha ya mtaa na hayamo katika ya mahakama, yaandikieni ukurasa mmoja. Nitaisoma kazi ya kila mtu. Atakayeniletea idadi bila kueleza aliipataje, nitamrudishia aianze upya.